Kutoka Kibo hadi Maziwe: shajara ya kurudi kupiga mbizi baada ya miaka saba

2 Septemba, Moshi

Leo nimeliteremsha begi la kuzamia kutoka juu ya kabati, mahali ambapo limekaa tangu tuhamie Rau, na nimevipanga sebuleni vyote vilivyomo: miwani ya kuzamia, snorkeli (bomba la kupumulia), mapezi ya miguuni, na daftari la mbizi lenye kurasa tisa zilizojazwa huku nyingine zote zikiwa tupu. Ukurasa wa tisa una mstari mmoja tu, ulioandikwa kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka: «Mita 12, dakika 9, nimepanda.»

Mstari huo haukueleza kitu, kwa hiyo naueleza hapa. Mwaka 2017 nilisoma kozi ya kwanza ya uzamiaji Unguja, nikapata cheti kinachoniruhusu kushuka hadi mita 18 nikiwa na mwenza. Mbizi nne za kozi na nne zilizofuata zilikwenda vizuri. Katika ya tisa, mzamiaji aliyekuwa mbele yangu alirusha teke na pezi lake likaing'oa miwani usoni mwangu. Maji yaliingia puani, nikayavuta, nikakitema kinywa cha regyuleta, kifaa kinacholeta hewa kutoka kwenye mtungi, na yaliyofuata siyakumbuki kwa mpangilio, isipokuwa mwanga wa juu na kelele zangu mwenyewe. Baadaye nilielezwa kwamba huenda kelele hizo ndizo zilizoniokoa: hewa iliyovutwa katika kina cha mita 10 huwa maradufu inapofika juu ya maji, na mtu anayepanda huku amebana pumzi anaweza kupasuka mapafu, ilhali anayepiga kelele anaitoa hewa njiani bila kujua. Sikuumia. Nilipanda boti, nikanywa chai, nikarudi Moshi, na sikuzamia tena.

Sababu nilizokuwa nikiwapa watu zilikuwa za kweli kwa kiasi chake. Mtoto alizaliwa mwaka uleule, corona ya 2020 ikatuondolea wageni na fedha kwa pamoja, na kazi yangu ya kuongoza wapanda mlima Kilimanjaro haiachi siku nyingi za kuchezea. Lakini mwanangu ameanza kufundishwa kuogelea, na wiki iliyopita aliuliza vitu vilivyo juu ya kabati ni vya nani. Nilimjibu kuwa ni vyangu, na niliona aibu kidogo kwa jinsi nilivyobadilisha mazungumzo.

Lengo ni kuzamia tena mwezi wa Novemba, ambapo wageni wa mlimani hupungua na bahari ya Tanga hutulia kati ya pepo za kusi na kaskazi. Kila nitakachofanya nitakiandika kwa muda na kwa idadi, na nitaandika pia hofu ilishika wapi. Mlimani, mgeni akisema hajisikii vizuri, simuulizi kama anaogopa. Namuuliza kichwa kinamuuma upande gani, tangu saa ngapi, na amekunywa maji kiasi gani. Sioni kwa nini nijitendee tofauti.

6 Septemba

Nimemwona daktari. Amepima masikio, kifua na shinikizo la damu, akajaza fomu ya afya ya mzamiaji, na akanionya nisizamie nikiwa na mafua, kwa kuwa njia ya hewa kati ya koo na sikio ikiziba, sikio haliwezi kusawazisha shinikizo. Kwa vumbi la Moshi la mwezi huu, onyo hilo si dogo.

Ukanda wa miwani umepasuka mahali pawili. Nimeununua mwingine kwa kuagiza Dar es Salaam.

14 Septemba, bwawa la kuogelea mjini

Moshi hakuna mahali nilipoweza kupata mtungi wa hewa, kwa hiyo mazoezi ya huku yatakuwa ya miwani, snorkeli na mapezi tu. Hoteli moja imeniruhusu kutumia bwawa lake saa moja asubuhi kabla wageni hawajaamka. Maji yalikuwa na baridi ya kung'ata meno.

Nilianza na nilichodhani ndicho kigumu, yaani kushuka chini. Nilishuka hadi sakafuni mara sita nikagusa vigae, nikapanda, na moyo haukubadilika. Kisha nilielea kifudifudi kwa dakika 20 nikipumua kwa snorkeli, na hapo pia hapakuwa na shida. Nilikuwa karibu kujipongeza nilipoamua kuivua miwani, nikaishika mkononi, na kuuweka uso majini huku nikiendelea kupumua kwa snorkeli. Pumzi ya kwanza ilikuja. Ya pili ilikuja kwa tabu. Katika ya nne nilikuwa nimesimama, natema, nimeshika ukingo wa bwawa kwa mikono yote miwili kama mtu aliyeokolewa kwenye mafuriko, katika maji yanayonifika kifuani.

Nilirudia. Pumzi tatu. Tano. Nne. Mlinzi wa bwawa, ambaye alikuwa amesimama na ufagio muda wote huo, aliniuliza kwa upole, «Kaka, umeangusha kitu?»

Nadhani leo nimepata jambo ambalo kwa miaka saba sikulijua. Nimekuwa nikisema naogopa bahari, na wakati mwingine nimesema naogopa kina, na watu wamenijibu nijikaze, kwa sababu mtu anayefika Uhuru, mita 5,895, mara mbili kwa mwezi hawezi kushindwa na maji. Bahari haihusiki. Naogopa maji yanayogusa pua wakati kinywa kinavuta hewa, na hofu hiyo inanipata hata mahali ambapo mtoto wa darasa la saba angesimama bila kulowa nywele. Ni hofu ndogo kuliko niliyoibeba, na ina mahali pake: nyuma ya pua, pale kaakaa laini linapotakiwa kufunga njia ili hewa ipite mdomoni peke yake. Yangu haijui kufunga, au inajua na haiaminiki.

Tena miwani ilivuja wakati wote. Sababu ni masharubu, ambayo huinua ukingo wa silikoni na kuacha upenyo mwembamba ambao maji huuona upesi. Nimeyanyoa jioni hii. Mama watoto amesema nimerudi kufanana na picha ya kipaimara.

29 Septemba

Siku saba mlimani, hakuna mazoezi. Naandika jambo moja tu. Horombo, kwenye mita 3,720, mgeni mmoja aliamka usiku akidai hawezi kupumua. Kipima oksijeni cha kidoleni kilionyesha namba za kawaida kwa mwinuko ule, hakuwa na kikohozi wala maumivu ya kichwa, na alitembea mstari mnyoofu bila kuyumba, ila alikuwa akivuta hewa haraka bila kuitoa. Nilikaa naye nje ya kibanda, nikamwambia asijishughulishe na kuvuta, atoe tu, polepole, mpaka hewa iishe, na kuvuta kutakuja kwenyewe. Baada ya dakika kumi alikuwa anaulizia nyota. Nilirudi kulala nikiwa nimejiudhi, maana maneno hayo nimeyasema kwa watu wengi kwa miaka mingi na bwawani sikuyakumbuka hata mara moja.

5 Oktoba, nyumbani na bwawani

Wiki hii nimefanya mazoezi kwenye beseni la kufulia. Naona ni vyema kulieleza, kwa sababu ndilo lililosaidia kuliko yote na halihitaji fedha. Kila jioni naliweka beseni juu ya kigoda uani, nalijaza maji, napiga magoti, naweka snorkeli mdomoni, na kuuzamisha uso bila miwani hadi masikioni. Mwanangu anashika saa na kuhesabu kwa sauti. Kanuni ni moja: naanza kwa kutoa hewa, kidogo kupitia puani ili viputo vinionyeshe kwamba hewa ndiyo inayotoka na maji hayaingii, kisha navuta kwa mdomo taratibu. Siku ya kwanza nilifika pumzi saba. Ya pili, kumi na moja. Ya nne nilifikisha dakika tatu, na mwanangu akachoka kabla yangu.

Jirani yetu, mama wa makamo, alichungulia juu ya ua akatuangalia kwa muda, kisha akauliza, «Baba, unajifukiza bila moto?» Nilimwamkia shikamoo huku maji yakinitoka puani.

Leo asubuhi nimelihamishia zoezi bwawani: dakika moja, kisha tatu, kisha sita, nikiogelea upana wa bwawa bila miwani, macho wazi. Katika dakika ya tano yalikuja maji kidogo kooni. Nilikohoa ndani ya snorkeli, nikatoa hewa, nikaendelea. Hofu ilishika sekunde mbili hivi, mahali palepale, ikaachia.

19 Oktoba, Chemka

Nimetaka mahali penye maji yasiyo na vigae, yenye msukumo wake na watu wasionijali, kwa hiyo nimekwenda chemchemi ya Kikuletwa, ambayo wengi tunaiita Chemka. Unashuka Boma Ng'ombe kwenye barabara ya Arusha, kisha bodaboda inakupitisha kwenye nyika kavu ya vumbi hadi unapoanza kutilia shaka akili za dereva, ndipo unapoona kijani cha ghafla. Maji ni ya uvuguvugu, na ni maangavu kiasi kwamba mizizi ya mitini inaonekana hadi inapoingia chini ya mwamba. Samaki wadogo huja kukudonoa miguu ukitulia.

Nilifanya kazi kwa saa mbili. Kwanza, kujaza miwani maji kwa makusudi nikiwa chini na kuyatoa. Mzamiaji huinamisha kichwa nyuma kidogo, hubana ukingo wa juu wa miwani kwenye paji la uso, na kutoa hewa kwa pua, nayo hewa huyasukuma maji yatoke kwa chini. Kwa pumzi moja ya kuibana kifuani inawezekana kufanya mara moja, pengine mbili. Nimefanya mara 31. Pili, kuivua kabisa, kuivaa tena na kuitoa maji kabla ya kupanda. Nimefanya mara 12, na mara mbili kati ya hizo nilipanda kabla ya kumaliza. Ya kwanza ilikuwa haraka tu. Ya pili ilitokana na kijana aliyejirusha kwa kamba kutoka mtini na kuangukia karibu nami kwa kishindo, kikaja kiwewe kilekile cha 2017, mwanga wa juu na yote mengine. Nilikaa kwenye jiwe muda mrefu. Kisha nikaingia tena na kufanya nne za mwisho karibu na ile kamba, kwa sababu baharini pia kuna mapezi ya wenzangu na sitaweza kuyaomba yasinikaribie.

Nilipokuwa nimekaa kwenye jiwe niliwaza habari ya maji yenyewe. Haya yanaingia mto Kikuletwa, yanakwenda bwawa la Nyumba ya Mungu, hukutana na yale ya mto Ruvu, na kutoka hapo huitwa Pangani hadi yanapoingia bahari ya Hindi. Maziwe, ninapokusudia kuzamia, ipo ng'ambo ya mlango wa mto huo, kusini kidogo. Nakwenda yanakokwenda, ila kwa basi.

2 Novemba

Mipango. Mambo matatu yameamua tarehe.

La kwanza ni mwezi. Nimempigia nahodha wa Ushongo, ufukwe ulio kusini ya Pangani, mzee ambaye mkufunzi nitakayezamia naye amenielekeza kwake, nikamuuliza lini bahari itakuwa nzuri kwa mtu mwenye wasiwasi. Hakucheka. Alisema nisije kwenye bamvua, wakati wa mwezi mpevu au mwezi mwandamo, kwa kuwa maji hujaa na kupwa kwa nguvu na mkondo huwa mkali. Nije mwezi ukiwa na siku saba au nane, wakati wa maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Nilizaliwa Marangu na sikuwahi kuhesabu mwezi kwa ajili ya jambo lolote. Nimehesabu.

La pili ni kurudi nyumbani. Mtu akizamia, naitrojeni ya hewa anayovuta kwa shinikizo huyeyuka mwilini na huhitaji muda kutoka. Akipanda upesi mahali penye shinikizo dogo, inaweza kufanya viputo kama soda iliyofunguliwa. Mwongozo unaofuatwa na wengi ni kusubiri saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 baada ya mbizi za siku kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Na wazamiaji huanza kuuhesabu mwinuko kuanzia mita 300. Moshi ipo zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, Arusha ni juu zaidi, na mwili haujui kama umepandishwa na ndege au na basi la Tanga. Nitakaa Ushongo siku nzima baada ya mbizi ya mwisho.

La tatu ni kazi. Nilipewa kundi la kuanza kupanda siku moja tu baada ya kurudi. Nimelikataa. Aliyenipa hakufurahi, na bahasha ya kundi hilo ingelipa safari hii yote na chenji ikabaki, lakini kilele cha Kibo kina karibu nusu ya shinikizo la hewa la pwani, na sioni namna ya kumwambia mgeni apande polepole huku mimi mwenyewe nimeruka hatua kubwa hivyo. Mlimani tatizo likitokea dawa ni kushuka. Baharini, kwenda juu ndiko kunakodhuru. Mtu anayefanya yote mawili lazima aweke nafasi katikati, na nafasi hiyo hailipwi na mtu.

9 Novemba, Ushongo

Same, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, Pangani, kivuko, kisha pikipiki. Nimefika jioni. Nahodha amenipokea, nilimwambia shikamoo, Mzee, akajibu marahaba, Mangi, kama tunavyoitwa Wachaga, na tangu hapo ndilo jina langu pwani nzima.

10 Novemba

Mazoezi ya mtungi kwenye maji mafupi, kina cha mita mbili, maji yakiwa yamejaa. Mkufunzi ni mtu wa Tanga, mdogo wangu kwa umri, na anasema maneno machache. Nilimsomea kurasa za shajara hii tangu Septemba. Alizisikiliza zote, kisha akasema, «Basi Mangi, tunaanza na pua.»

Uzito kwanza. Mwaka 2017 nilifungwa kilo 8 za madini ya risasi, na sasa nimeelewa kwa nini nilikuwa nikishuka kama mfuko wa saruji. Leo tumepima ipasavyo: mtu husimama wima majini, jaketi la kuelea likiwa halina hewa, amevuta pumzi ya kawaida; maji yakikata usawa wa macho, na akizama taratibu anapotoa hewa, uzito unamfaa. Kilo 6 zimenitosha, pamoja na nyongeza kidogo ya mwisho wa mbizi, kwa kuwa mtungi wa alumini huwa mwepesi hewa inapopungua.

Kuivua miwani nikipumua kwa regyuleta: mara nane, bila kupanda. Ni rahisi kuliko snorkeli. Regyuleta inakuletea hewa ukiiomba, na kifua hakivutani na bomba refu. Maji ya chumvi yanawasha macho, basi. Kukitoa kinywa cha regyuleta na kukirudisha: mara sita. Hofu ilionekana mara moja, katika kuvua kwa kwanza, ikakaa kwa pumzi tatu. Niliihesabu.

11 Novemba, Maziwe

Maziwe ni fungu la mchanga katikati ya bahari, hifadhi isiyo na mti hata mmoja, na maji makubwa yakijaa hufunikwa lote. Tulitia nanga upande uliokingwa na upepo.

Mbizi ya 10. Mita 4, dakika 6. Nimeikatisha. Sikio la kulia halikufunguka. Nilipanda mita moja, nikabana pua na kupuliza taratibu, likafunguka, lakini wakati huo pumzi zilikwisha kuwa za haraka na nilijua zinakokwenda. Kwa wazamiaji, mtu yeyote anaweza kuikatisha mbizi yoyote wakati wowote, na hadaiwi sababu. Mkufunzi alipanda nami kimya. Botini nahodha alinipa chungwa. Hakuna aliyeniambia nijikaze, na sikumbuki kama nimewahi kushukuru hivyo kwa neno lisilosemwa.

Tulikaa saa moja. Nilipumua kama nilivyomfundisha yule mgeni wa Horombo.

Mbizi ya 11. Tumeshuka tukishika kamba ya nanga, nikisawazisha masikio kila mita bila kusubiri yaume. Kwenye mita 6 mkufunzi aliniuliza kwa ishara kama niko sawa, nami, kwa mazoea ya miaka 14 ya mlimani, ambako dole gumba juu ndilo jibu la kila mgeni, nikamwonyesha dole gumba. Chini ya maji ishara hiyo ina maana moja tu: tupande. Akaanza kunipandisha. Nikatikisa kichwa, nikamwonyesha duara la kidole na gumba, yeye akanyoosha mkono kuuliza nini hasa ninachotaka, na katika kuelezana kwa mikono hivyo, tukiwa wawili tunaning'inia kwenye kamba kama nguo zilizoanikwa, nikajikuta nacheka. Kucheka huvujisha miwani. Maji yaliingia hadi nusu. Niliyatoa, nikaendelea kucheka, yakaingia tena.

Dakika 22, wastani wa mita 6, bari 140 (kipimo cha shinikizo) za mtungi wa lita 11. Nimepiga hesabu: ni karibu lita 44 kwa dakika zikirudishwa kwenye usawa wa bahari, ulaji wa hewa wa mtu anayekimbia huku amesimama. Nimeona taa mwenye madoa ya buluu chini ya tumbawe, na sikumwangalia vizuri kwa kuwa nilikuwa natazama geji ya hewa.

12 Novemba, Maziwe

Mbizi ya 12. Mita 7, dakika 34. Tulipiga magoti mahali penye mchanga mtupu, mkufunzi akanionyesha ishara niliyoisubiri tangu asubuhi. Nimeivua miwani, nikaishika mkononi, nikapumua mara 20 nikihesabu. Dunia ilikuwa buluu yenye ukungu, na yeye alikuwa kivuli cheusi kilichonishika bega. Nikaivaa, nikaitoa maji kwa pumzi mbili, na sura yake ikarudi. Nikarudia bila kuombwa.

Mbizi ya 13. Mita 11, wastani wa mita 9, dakika 41, bari 140. Hesabu ya leo ni lita 20 kwa dakika, yaani chini ya nusu ya jana, na sikufanya bidii yoyote ya kubana matumizi. Nilikuwa tu na vitu vya kuangalia. Kasa mmoja alikuwa anakula kwenye mwamba, mwenye dalili za uzee kwenye gamba lake, na hakutujali. Pweza alibadilika rangi mara tatu kabla hajakubali kwamba tumemwona. Mkondo ulikuwa mdogo, kama Mzee alivyoahidi. Tulisimama kwenye mita 5 kwa dakika tatu kama inavyotakiwa, kisha tukapanda, polepole kuliko viputo vyetu vidogo.

Botini, nilipokuwa najaza daftari, mkufunzi aliuliza miwani iliingia maji mara ngapi, kwa sababu kila mbizi nimekuwa nikiandika. Nilikaa na kalamu mkononi. Niliona kwamba iliingia, maana nakumbuka mkono wangu ukiwa kwenye paji la uso karibu na yule kasa, na labda mara nyingine kabla ya pweza, lakini idadi sikuwa nayo. Nimeandika: «Sikuhesabu.»

13 Novemba, Ushongo

Siku ya kusubiri. Kompyuta ya kuzamia inaonyesha saa zilizobaki. Nimeosha vifaa kwa maji baridi ya kisima, nimeanika suti kivulini, na nimekubaliana na mkufunzi juu ya Februari, kaskazi ikiwa bado tulivu na mwezi ukiwa umehesabiwa mapema. Yatakayofanyiwa kazi ni sikio la kulia, ambalo bado linachelewa, na dole gumba.

Mwanangu alipiga simu jioni kuuliza kama nimemwona silikanti, samaki wa kale ambaye wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa na ambaye mwalimu wake amewasimulia. Nilimwambia silikanti anakaa vilindini, chini sana ya mita 18 anazoruhusiwa baba yake. Akafikiri kidogo, kisha akataka kujua kama beseni bado nalihitaji au mama aanze kufulia.